Mizani Nje ya Duka la Gathogo

Jumatatu, 4 Mei 1987

Miezi minne tangu nistaafu. Miaka thelathini na moja karani wa mizigo, stesheni ya Eldoret, na leo asubuhi mke wangu Nelima ameniambia niinue miguu apate kufagia. Nikainua. Akafagia. Nikashusha. Hiyo ndiyo kazi niliyofanya mpaka saa sita.

Watu hudhani mzee aliyestaafu anakosa pesa. Pensheni ipo. Nelima ana mahindi yake na ng'ombe wawili, hatulali njaa. Ninachokosa ni kuulizwa. Pale stesheni wenye magunia walisimama mbele yangu, kofia mkononi. Gunia juu ya mizani. Kimya. Wote wananitazama mdomo. Nikisema tisini, ni tisini, na hakuna wa kubisha. Siku hizi naulizwa jambo moja tu: kama nimemaliza chai, kikombe kioshwe.

Uamuzi. Naanza biashara! Gani, sijui. Lakini nimefunga tai, na tai ikishafungwa mambo hufuata.

Jumatano, 6 Mei

Nimepata! Wazo limenijia nikinyoa, nikajikata.

Mizani ya watu. Mtu anasimama juu, mshale unazunguka, namtajia kilo zake, anatoa shilingi, anaenda zake akijijua. Fundi redio mmoja anahama na anauza vyombo. Mizani yake ni nyeupe, safi, ina mkeka wa mpira wa kukanyagia. Nimeichukua.

Nelima ameuliza ni nani atalipa kuambiwa uzito ambao anaubeba mwenyewe kila siku. Baadaye nikamwambia ni kwa ajili ya pesa, nimpunguzie mzigo wa nyumba. Pasta nimemwambia uvivu ni dhambi. Gathogo mwenye duka nimemwambia ni kujenga taifa, akafurahi, akanipa nafasi kwenye veranda yake kando ya magunia ya chumvi. Sababu tatu, watu watatu, siku moja. Ile ya kweli sijamwambia mtu.

Ijumaa, 8 Mei

Siku ya kwanza. Kiti, meza, tai, kibao: E. MURUNGA, PIMA UZITO HAPA, KARANI MWENYE UZOEFU.

Mteja wa kwanza, mke wa mkulima mkubwa wa eneo la Ziwa. Mama wa heshima, vikapu viwili vya ukili mkononi. Nikatangaza kwa sauti ya stesheni: sabini na nane! Akashtuka. Mwaka jana alikuwa themanini na mbili. Ati amekonda! Akiwa ameolewa vizuri! Majirani watasema mzee wake hamlishi. Akakataa kulipa, akaondoka akiiambia njia nzima ya soko kwamba mizani yangu inakula watu.

Halafu wakapita vijana wa chama tawala kukagua kadi za uanachama. Ninayo. Mmoja akapanda bure. Hamsini na tisa. Akaniinamia sikioni, akasema kijana wa chama hawezi kuwa hamsini na tisa.

Baada ya hapo hakuna aliyekuja. Nimekaa na tai yangu mpaka mvua ya saa tisa.

Jumatatu, 11 Mei

Chini ya mizani kuna kigurudumu kidogo cha kurekebisha mshale. Kwenye reli, karani aliyekigusa bila ruhusa alifukuzwa siku hiyo hiyo. Miaka thelathini na moja sikumwibia mkulima hata nusu kilo. Nataka jambo hili liandikwe, hata kama ninaandika mwenyewe.

Lakini gunia halina hisia. Gunia haliendi nyumbani likawaza. Mtu ni kitu kingine.

Nimekizungusha. Kilo nne. Zawadi ya duka.

Tatizo: mizani ikiwa tupu, mshale unasema nne. Nimeifunika na gunia safi, nalifunua mtu akishapanda. Nikiulizwa, nasema ni kuzuia vumbi.

Ajabu ya siku! Watu walipanda wakiwa na wasiwasi, wakashuka wakicheka. Mwalimu mmoja alimwita mkewe aje asikie. Mke wa mkulima wa Ziwa amerudi, amepata themanini na mbili zake, akalipa na ya juzi. Aliyehuzunika ni mmoja tu, Kipkorir, mkimbiaji kutoka Sugoi. Anajiandaa kwa mashindano. Aliuliza mara mbili kama nina hakika. Akaweka chini mandazi aliyokuwa ameshika, akaenda. Mandazi nimeyala mimi.

Alhamisi, 14 Mei

Leo amekuja Mzee Zachariah, anatembea na mwavuli kama fimbo. Fundi wa nguo, miaka sitini na minane. Zamani alishona sare za shule nusu ya mji huu. Aliugua mwaka jana, akahamia kwa binti yake Muthoni anayeuza viazi sokoni. Cherehani imefunikwa kitambaa tangu siku hiyo.

Hakupanda mara moja. Alikaa kwanza kwenye gunia la chumvi, akakohoa, akasema anataka kufungua tena biashara. Nikamuuliza, kama mtu anayejiuliza mwenyewe, ya nini katika umri huu. Kwani Muthoni hamtunzi?

"Ananitunza sana," akasema. "Hapo ndipo shida. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Bwana Karani, mimi ni mgeni wa siku mia tatu, na hakuna anayenipa jembe."

Nilikohoa pia, kwa heshima.

Wamepatana na Muthoni: akifika kilo hamsini na nane, cherehani inarudi mjini. Kabla ya hapo, hapana. Akapanda. Mshale ukasimama hamsini na tano. Mimi najua maana yake ni hamsini na moja. Yeye alikuwa ananitazama mdomo. Kama wale wa stesheni. Zaidi ya wale wa stesheni.

"Nimepanda?"

Nikasema amepanda vizuri.

Alishuka akiwa mrefu zaidi. Mwavuli aliubeba kwapani.

Jumamosi, 16 Mei

Vita! Opiyo amefungua biashara ng'ambo ya barabara.

Opiyo alikuwa gadi wa treni. Miaka ishirini alipuliza filimbi na kudhani injini inamtii yeye. Tulistaafu mwezi ule ule. Sasa amechora mistari kwenye ukuta wa kinyozi na kuandika: JUA UREFU WAKO. Anapuliza filimbi kila mteja akipita! Watu wazima wanasimama kwenye ukuta kama watoto wa shule wakipimwa urefu! Nimemwambia Gathogo kwamba huu ni ujinga, mtu mzima harefuki. Gathogo akajibu kwamba alipimwa asubuhi na ni mrefu kuliko alivyodhani.

Nilivuka barabara kumwuliza Opiyo ana lengo gani. Nilitegemea matusi. Akasema tangu mkewe afariki, nyumbani anaongea na redio. "Redio inasema vizuri," akasema, "lakini haiulizi."

Nikarudi kwangu. Nilikuwa nimeandaa maneno makali, sikuyatumia. Filimbi lakini inaudhi.

Jumanne, 19 Mei

Mzee Zachariah tena. Mshale: hamsini na nne. Ameshuka.

Alitazama tu viatu vyake. Nikamwambia asubiri, baridi ya asubuhi inaathiri springi, jambo la kitaalamu. Nikaigeuza mizani, nikasukuma kigurudumu kidogo. Panda sasa. Hamsini na sita!

Alicheka mpaka akakohoa, akajishika kwenye nguzo. Ni vumbi la unga wa dukani, akasema. Nikakubali kwamba vumbi la mtaa huu ni baya.

Sasa mji mzima umeongezeka kilo sita. Kinyozi ameanza kuogopa chapati.

Ijumaa, 22 Mei

Opiyo amenunua mizani! Mwizi wa mawazo! Ameiweka chini ya ukuta wake, urefu na uzito kwa bei moja. Lakini Mungu si Opiyo. Mizani yake inasoma chini kuliko yangu. Watu wanatoka kwake wamenuna, wanavuka, wanapanda yangu, wanapona. Nilihesabu saba. Nikamwinulia kofia kutoka ng'ambo. Alipuliza filimbi kwa hasira.

Jumamosi, 23 Mei

Nimeandika tarehe hii kwa herufi kubwa kwenye kalenda ya ukutani. HAMSINI NA NANE! Kigurudumu kimesaidia tena, kilo nne, sikatai. Mzee Zachariah alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Mikono myepesi, yenye joto kali. Muthoni alikuwepo, aproni yake ina udongo wa viazi. Alimtazama babake, akatazama mshale, akanishukuru. Alisema yeye alimwona kama amekonda, lakini macho ya mtoto yana hofu, mizani haina.

Cherehani inawekwa Jumatatu, veranda hii hii, upande wa pili wa mlango. Nimepata jirani. Wazee wawili kazini! Nelima nilipomwambia, aliuliza kama yule mzee ameshaenda hospitali kwa kile kikohozi. Wanawake hutafuta ugonjwa penye furaha.

Jumatatu, 25 Mei

Cherehani imefika, imepakwa mafuta, inalia kama kitu kipya. Kazi ya kwanza: suruali ya Gathogo. Ya pili: pindo la leso. Watu wanamwita Fundi! Anaitika kabla hawajamaliza.

Saa nane, kwa kujionyesha, alivuka akapande mizani ya Opiyo. Nilimwona akishuka anacheka. Akarudi akaniambia mizani ya gadi ni kichekesho. Ati arobaini na saba!

Nikacheka naye. Kicheko changu kilichelewa kidogo.

Hamsini na moja siku kumi na moja zilizopita. Arobaini na saba leo. Hesabu hii hata karani wa mwaka wa kwanza anaiweza. Nimekunywa chai ya Nelima bila kujua kama ina sukari.

Jumatano, 27 Mei

Opiyo amevuka barabara. Bila filimbi. Alivuta lile gunia akaona mshale unapolala mizani ikiwa tupu. Hakupiga kelele, ningependa apige. Akasema kwamba mzee anakonda na mimi najua. Akasema nimwambie leo.

Nikamjibu kwamba ana wivu wa biashara. Nikaongeza kwamba gadi hajui mizani, ajishughulishe na filimbi. Akavuka kurudi kwake.

Upande wa pili wa mlango cherehani ilikuwa inalia. Mwanamke alikuwa anamwuliza Mzee Zachariah ni mikunjo mingapi inafaa sketi ya kwaya. Anamwuliza! Na yeye ameinua kidole, anafikiria. Ningemwambiaje wakati ule? Nitamwambia kesho, baada ya sketi.

Alhamisi, 28 Mei

Sikumwambia.

Saa tano cherehani ilinyamaza. Nilidhani uzi umekatika. Gathogo ndiye aliyetoka mlangoni akaita. Mzee Zachariah alikuwa amelaza uso juu ya sketi, kama mtu anayesikiliza kitambaa. Kulikuwa na damu kidogo kwenye leso yake ya mfukoni. Opiyo alifika wa kwanza, akambeba mgongoni. Gathogo akatoa pikapu yake. Opiyo alimbeba bila kuhema. Alikuwa mwepesi hivyo.

Ijumaa, 29 Mei

Hospitali. Kifua kikuu. Daktari amesema kinatibika, lakini siku kumi kabla kingekuwa rahisi zaidi.

Muthoni alinikuta kwenye benchi la ukumbini. Machungwa mkononi, tai shingoni. Aliuliza kwa upole, hilo ndilo baya. Alisema wamempima babake ni arobaini na sita. Jumamosi alikuwa hamsini na nane, alimwona kwa macho yake. Mtu anaweza kupoteza kilo kumi na mbili kwa siku sita?

Ningeweza kusema baridi. Ningeweza kusema springi. Maneno yote yalikuwa tayari mdomoni.

Nikasema, "Hapana, Muthoni. Nyingi hakuwa nazo. Nilimwekea mimi."

Nikamweleza kigurudumu. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema: "Wiki mbili nimemwambia, Baba, twende hospitali. Kila siku ananijibu, Karani amesema nimepanda."

Akayachukua machungwa, akayaweka kwenye benchi, akaingia wodini. Nilikaa na yale machungwa mpaka wakaja kufagia. Nikainua miguu.

Jumapili, 31 Mei

Sikwenda kanisani. Nimemweleza Nelima yote. Nilitaka anigombeze, ameendelea kupepeta maharage. Baadaye akauliza kwa nini hasa niliianza biashara ile. Nikasema pesa. Akanitazama. Nikasema basi, nilitaka watu wasimame mbele yangu.

Akasema ningemwambia mapema. Kuna ng'ombe wawili wanasimama mbele yake kila asubuhi, angenipa mmoja.

Tulicheka. Halafu mimi nikalia kidogo. Naandika kwa sababu ni kweli.

Jumamosi, 6 Juni

Leo nimeruhusiwa kumwona. Wodi ina madirisha wazi pande zote. Mzee Zachariah amekaa kitandani, sindano na uzi mkononi, anashona kifungo cha shati la mgonjwa wa kitanda cha pili. Wa tatu alikuwa anasubiri zamu yake.

Nikaomba msamaha nikiwa nimesimama. Maneno nilikuwa nimeyakariri. Alinikatiza katikati.

"Karani, mimi ni fundi wa nguo. Suruali yangu nimeipunguza kiuno mara mbili mwezi ule. Kwa mkono wangu. Unadhani sikujua?"

Nikamwuliza, kama alijua, kwa nini alikuja kwangu.

"Nilitaka mtu mwenye tai aseme nimepanda," akasema. "Wewe ulitaka kuulizwa, mimi nilitaka kuambiwa; sijui nani alikuwa anauza na nani ananunua. Lakini Muthoni hakujua kiuno cha suruali. Yeye aliamini. Deni lako liko kwake."

Nimemfuata Muthoni sokoni. Alikuwa anapanga viazi. Sikukariri kitu. Nikasema nimekosa. Alipanga viazi vitatu zaidi, akasema saa nne hawezi kuacha kibanda, na babake anatakiwa kunywa uji saa nne. Uji uko kwenye chupa ile ya bluu. Nisiucheleweshe.

Nimeupeleka. Haukumwagika hata tone.

Jumatano, 10 Juni

Uji, saa nne kamili. Mzee amepanda nusu kilo. Mizani ya hospitali, nimeinama nikaona mwenyewe kwamba mshale ulianza kwenye sufuri. Nesi aliniuliza kama mimi ni mkaguzi.

Nimempelekea Opiyo mizani yangu, mshale umerekebishwa. Kibao nimekivunja kuni. Alinipa kiti, tukakaa. Wateja wake ni wachache siku hizi, mji mzima umepungua kilo kumi kwa wiki moja na una hasira. Lakini Kipkorir amepita, amepimwa kwa Opiyo, akanunua mandazi manne.

Nilimwambia Opiyo kwamba alikuwa na haki. Akasema anajua. Akanipa filimbi nipulize mara moja. Si rahisi kama inavyoonekana.

Jumamosi, 13 Juni

Nimetafakari wiki nzima, nimepata fundisho, naliandika hapa lisipotee: mizani ni chombo cha hatari. Tangu mwanzo kosa lilikuwa kuchagua mizani.

Kwa hiyo miwani!

Jana nilikuwa soko la Ziwa na Nelima. Kuna mtu anauza miwani ya kusomea, sanduku zima, ya kila nguvu. Nimelichukua. Chati ya herufi nimeichora mwenyewe, kubwa juu, ndogo chini, na pembeni nimeandika: E. MURUNGA, MACHO. Mteja atakaa kitini, atasoma, halafu atanigeukia nimwambie hali yake. Fikiria kimya kile!

Nimemjaribia Gathogo mchana. Mstari wa kwanza alisoma. Wa pili akasema ni siafu. Akageuka akanitazama, uso wote wasiwasi, mwenye duka mzima. Sikuweza. Nikamwambia ana macho ya kijana wa miaka ishirini. Alifurahi mno, akanipa soda, akagonga fremu ya mlango akiingia ndani.

Naona tatizo dogo. Mtu ukimwambia macho yake ni mazima, miwani atainunua ya nini?

Hilo nitalifikiria Jumatatu, baada ya uji.